Tume moja, pande mbili za bahari: mtu wa Wete apeleke wapi lalamiko lake?

Siku moja hapa Pemba nilipanda gari ya 606 kutoka Wete kuja Chake Chake, nikakaa karibu na mzee mmoja aliyeikumbatia bahasha ya kaki kifuani tangu tulipoondoka mpaka tulipofika. Baada ya salamu na kuulizana watu wa kwao na wa kwetu, alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, hebu niambie. Hiyo afisi ya haki za binadamu ni ya huku kwetu, au ni ya Bara? Maana nishaambiwa yote mawili, na sijui nani mkweli."

Nikamwambia, "Mzee wangu, wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja kasema nusu."

Hakuridhika, na mimi nisingeridhika. Mikarafuu yake ilikatwa ili kazi ya umma ipite shambani, na malipo hakuyaona. Alikwenda kwa sheha, mtu wa serikali katika shehia yake, akapelekwa afisi ya pili, ya pili ikampeleka ya tatu, na ya tatu ikamwambia aende haki za binadamu bila ya kumwonesha ziliko. Nauli alikuwa akilipa yeye kila mara. Nimekaa na swali lake kwa muda mrefu, na makala hii ni jibu ambalo safari ile ya gari haikunitosha kulitoa.

Sisi Wapemba kugawana afisi si jambo geni. Kisiwa kina mikoa miwili. Kaskazini kuna Wete na Micheweni, kusini kuna Chake Chake na Mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima, 272,091 kaskazini na 271,350 kusini, karibu nusu kwa nusu. Mambo ya Mahkama Kuu tunayafuata Chake, ya kilimo watu huenda Weni, na meli ya Unguja tunaipandia Mkoani. Kwa hivyo taasisi moja kuhudumia miji mitatu au minne ni jambo tulilolizoea. Kinachotupoteza kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni kwamba inagawiwa mara mbili. Mara ya kwanza inagawiwa baina ya Zanzibar na Tanzania Bara, na mara ya pili ile sehemu iliyotufikia inagawiwa tena baina ya Unguja na Pemba, kisha baina ya mji na mji. Kila mgao una mkanganyiko wake, na watu huichanganya migao hii miwili wakadhani ni mmoja.

Nianze na Tume yenyewe. Iliingizwa kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa marekebisho ya kumi na tatu ya mwaka 2000, na ndiyo inayozungumzwa katika ibara za 129 hadi 131. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria namba 7 ya 2001, na Tume ikaanza kazi Julai 1, 2001. Ilirithi nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha tangu miaka ya 1960 ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza manung'uniko ya wananchi juu ya watumishi wa serikali. Tume mpya ilipewa yale ya zamani na ikaongezewa ulinzi wa haki za binadamu. Ndiyo maana jina lake lina vipande viwili. Kipande cha haki za binadamu ni pale mtu anapopigwa, anapowekwa ndani bila ya sababu, anapobaguliwa. Kipande cha utawala bora ni pale faili lako linapokaliwa miaka, au afisa anapotumia cheo chake kukukomoa. Wengi hapa kwetu wanakijua cha kwanza tu, wakadhani kwamba kama hukupigwa na askari basi Tume haikuhusu. Mzee wa bahasha ya kaki alikuwa hivyo. Lalamiko lake ni la utawala bora moja kwa moja, na mtu wa kumwambia hivyo hakumpata.

Kwa nini ilichukua miaka kuvuka

Hapa inabidi niende polepole, kwa sababu ndipo penye fundo.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 132, inaweka mlango baina ya Bunge la Muungano na visiwa hivi. Sheria iliyotungwa na Bunge haitumiki Zanzibar mpaka iwe inahusu mambo ya Muungano, iwe imepitishwa kwa kufuata Katiba ya Muungano, na waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi, ndilo baraza la kutunga sheria la Zanzibar. Mambo ya Muungano yameorodheshwa. Mwaka 1964 yalikuwa 11, na sasa yamefika 22. Ulinzi yamo, polisi wamo, uraia na uhamiaji yamo. Haki za binadamu, kwa jina hilo, hazimo.

Sheria ya Tume ilijiandika yenyewe kuwa ni ya pande zote mbili, lakini kuandika ni kimoja na kuvuka bahari ni kingine. Ilibidi Baraza la Wawakilishi litunge sheria yake ya kuipokea, Sheria namba 12 ya 2003, na kazi rasmi upande huu zikaanza 2007. Hesabu mwenyewe: mtu wa Mtwara aliweza kuandika barua yake kwa Tume miaka kadhaa kabla ya mtu wa Mtambile hapa Pemba.

Na miaka hiyo haikuwa miepesi. Januari 26 na 27, 2001, baada ya uchaguzi wa 2000, maandamano ya wafuasi wa upinzani yalizimwa kwa risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao hapa Pemba, na zaidi ya watu 2,000 walipanda vyombo wakakimbilia Shimoni, Kenya. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, na Oktoba mwaka huo huo vyama viwili vikuu vikatia saini Muafaka. Wapo wanaosema hadi leo kwamba Tume ya Haki za Binadamu ililetwa kwa sababu ya Januari ile. Sivyo. Marekebisho ya Katiba yalikuwa yamepita mwaka 2000, kabla ya damu kumwagika. Lakini ni kweli, na linaniuma kila ninapoliandika, kwamba mwaka ambao Pemba ilihitaji mahali pa kupeleka kilio kuliko mwaka mwengine wowote ndio mwaka ambao mahali hapo palikuwa pakifunguliwa ng'ambo, na kwetu pakabaki pamefungwa.

Sisemi kwamba ibara ya 132 ni mbaya. Mimi ni katika wanaoithamini. Bila ya hiyo, Baraza la Wawakilishi lisingekuwa na neno juu ya sheria zinazokuja kututawala. Ninachosema ni kwamba ucheleweshaji ule ulikuwa na gharama, na gharama aliibeba mwananchi ambaye hajui ibara wala orodha.

Kwa kuwa chombo hiki ni cha wawili, sheria iliweka kamba za kukifunga pande zote. Mwenyekiti akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake lazima atoke upande wa pili. Wa kwanza kuiongoza alikuwa Jaji Robert Kisanga. Mwaka 2019 kiti kilikwenda kwa Jaji Mathew Mwaimu, na Makamu akawa Mohamed Khamis Hamad wa Zanzibar. Majina ya makamishna hayaokotwi na Rais peke yake. Kuna Kamati ya Uteuzi, na ndani yake wanakaa Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi pamoja na wenzao wa upande wa Muungano. Makao makuu ya Tume yako Dodoma, na matawi ni machache. Zanzibar ina lake, na miongoni mwa yale ya Bara ni la Dar es Salaam, la Mwanza na la Lindi. Watu wa Lindi na Mtwara wanaijua taabu hii kama sisi. Mji mmoja una afisi, jirani anafuata.

Lalamiko la serikali ipi?

Mkanganyiko wa pili unatoka kwenye serikali mbili. Chukua kitambulisho. Mzanzibari anaweza kuwa na viwili mfukoni, cha Taifa ambacho ni cha Muungano, na cha Mzanzibari Mkaazi ambacho ni cha Serikali ya Mapinduzi. Akinyimwa kimoja bila ya sababu, alalamike wapi? Au chukua mtu aliyewekwa ndani. Polisi waliomkamata ni wa Muungano, lakini akifungwa hapelekwi gereza la Muungano. Anapelekwa Chuo cha Mafunzo, ambacho ni cha Zanzibar. Mtu mmoja, mkosi mmoja, serikali mbili.

Faida kubwa ya kuwa na Tume moja ni hiyo hapo. Mwananchi halazimiki kujua orodha ya mambo 22 kabla hajafungua mdomo. Tume inaweza kumhoji mkuu wa kituo cha polisi na inaweza kumhoji sheha. Inaruhusiwa kuzuru mahabusu ya polisi, na inaruhusiwa kuzuru Chuo cha Mafunzo. Laiti tungekuwa na tume mbili, moja ya Zanzibar na moja ya Muungano, nina hakika mzee wangu angesukumwa baina ya hizo mbili kama alivyosukumwa baina ya zile afisi tatu. Nawaheshimu wanaodai kwamba Zanzibar iwe na tume yake peke yake, na hoja yao ya mamlaka ina uzito. Lakini nikilipima jambo kwa mguu wa mlalamikaji na wala si kwa meza ya mwanasheria, naona afisi moja inayosikiliza pande zote mbili inamfaa zaidi, kwa sharti kwamba aipate.

Kuna yasiyokuwa ya Tume. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni ya Mahkama ya Kadhi. Mpaka wa shamba baina ya ndugu, au mzozo wa eka tatu baina ya warithi, una Mahkama ya Ardhi. Mtu akikudai hongo, iko Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, ZAECA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012.

Na lipo moja ninaloomba lisomwe mara mbili. Mtoto akidhalilishwa, au mwanamke akibakwa, usianze kuandika barua kwa Tume. Nenda hospitali, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Pemba kipo hospitali ya Chake Chake. Daktari, polisi na mshauri wanakutana hapo hapo. Asikogeshwe, nguo zisifuliwe, usisubiri kikao cha wazee wa pande mbili wakae wayamalize. Ushahidi wa mwili unaondoka kwa saa, hausubiri siku. Tume itakuwa na nafasi yake baadaye, kama mtu wa serikali atalikalia hilo faili.

Sheria yenyewe pia imeifungia Tume milango fulani. Haiwezi kumchunguza Rais wa Jamhuri ya Muungano wala Rais wa Zanzibar. Haigusi uhusiano wa serikali na nchi za nje, wala haki ya Rais ya kusamehe wafungwa. Na haigusi jambo ambalo tayari liko mahkamani. Hili la mwisho ndilo linalowatega watu wetu. Mtu anafungua kesi kwa hasira, kisha akiona kesi inaahirishwa kila mwezi anakimbilia Tume, na Tume inamwambia haina mkono hapo. Kabla ya kuamua uanze wapi, kaa na anayejua sheria, na umuulize pia muda wa kufungua kesi yako unaisha lini.

Mikarafuu ya mzee

Turudi kwenye bahasha. Tuseme lalamiko lake linafika Tume. Kinachofuata si kesi, na mzee hahitaji wakili. Hakuna ada. Sheria inamruhusu kulalamika mwenyewe, inamruhusu mtu mwengine kulalamika kwa niaba yake, na inairuhusu Tume kuanza kuchunguza bila ya kuletewa na mtu, ikiwa imesikia tu. Mjukuu wake anaweza kuandika. Jumuiya ya kijiji inaweza kuandika.

Tume kwanza inaangalia kama lalamiko ni lake. Likiwa lake, inaiandikia taasisi inayolalamikiwa ijieleze. Mara nyingi, na hili watu hawalijui, barua hiyo peke yake inalifungua faili lililokuwa limelaliwa, kwa sababu afisa aliyezoea kumjibu mkulima "njoo kesho" sasa anatakiwa kuandika jibu lenye saini yake. Taasisi isipojibu, au ikijibu ovyo, Tume ina nguvu za kumwita mtu aje mbele yake na kudai nyaraka. Inaweza pia kuwakalisha pande mbili ikasuluhisha. Kwa malipo ya mikarafuu, suluhu inatosha kabisa. Mzee hataki mtu afungwe. Anataka mikarafuu yake ihesabiwe na alipwe.

Ikishindikana suluhu, Tume inachunguza na kutoa ripoti yenye mapendekezo. Neno ni hilo, mapendekezo. Tume si mahkama na haitoi hukumu. Taasisi inapewa muda, usiozidi miezi mitatu, ieleze imefanya nini. Ikinyamaza, Tume inaweza kwenda mahkamani kudai mwananchi apate haki yake.

Ili kuona jinsi njia hiyo ilivyo ndefu, angalia yaliyowapata wanakijiji wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti kule Bara. Walihamishwa kwa nguvu mwaka 2001, nyumba zikachomwa. Tume ilichunguza, na mwaka 2004 ikaona kwamba haki zao zilivunjwa na ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa. Shauri likaingia mahkamani na likafika mpaka Mahkama ya Rufani, likibishaniwa juu ya kama mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahkama au la. Wanakijiji wale walikuwa na kila kitu, uchunguzi uliokamilika, ripoti, na mashirika ya kuwasaidia, na bado ilichukua miaka. Silisemi hili ili kumkatisha tamaa mtu. Nalisema ili mtu aingie akijua kwamba nguvu ya Tume iko mwanzoni mwa jambo, kwenye barua na suluhu, zaidi ya mwishoni.

Akishindwa kote nchini, Mtanzania alikuwa na njia ya kwenda mwenyewe kwenye Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu hilo Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya za mtu mmoja mmoja na za mashirika. Ajabu ya kusikitisha ni kwamba mahkama yenyewe iko ndani ya nchi yetu. Iliyobaki ni Kamisheni ya Afrika kule Banjul, Gambia, ambayo inataka uwe umemaliza njia za nyumbani kwanza. Kwa mtu wa mikarafuu, hiyo ni habari ya kusikia tu. Njia ya nyumbani ndiyo njia.

Nani asafiri

Sasa mgao wa pili, ule wa baina ya mji na mji, ambao kwangu ndio wenye uzito zaidi.

Wakati Tume inajadiliwa kwenye semina, ramani inayochorwa ni ya Unguja na Pemba, na mtu akisikia Pemba anafikiri ni mahali pamoja. Pemba si mahali pamoja. Mtu wa Kisiwa Panza anavuka kwa mashua mpaka Chokocho kabla hajaiona barabara. Mtu wa Kojani anavuka vilevile. Wa Makangale anatoka alfajiri, anapanda gari mpaka Konde, kisha 602 mpaka Chake, na akiambiwa mhusika hayupo ameipoteza siku nzima na mavuno ya mwani ya siku hiyo. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba afisi iko Chake, umemwambia kwamba iko mbali. Ukimwambia iko Unguja, umemwambia kwamba haipo.

Najua ubishi ulivyo kwetu afisi ikitaka kuwekwa. Chake watasema wao ni katikati. Wete watasema wao ni mji wa mkoa wa kaskazini na Micheweni inawategemea. Mkoani watasema bandari iko kwao. Kila mmoja ana hoja, na ubishi huo umetupotezea muda mwingi katika mambo mengi. Kwa afisi ya haki za binadamu, naona swali la jengo liwekwe wapi si la kwanza. La kwanza ni nani asafiri. Afisi inayogawiwa na miji mingi lazima iwe na maafisa wanaotoka, wenye siku inayojulikana ya kukaa Wete, siku ya kukaa Micheweni, siku ya kukaa Mkoani, na mara kwa mara kuvuka kwenda visiwani, na siku hizo zitangazwe msikitini, sokoni na kwenye redio za jamii. Daktari wa macho akija hutangazwa wiki nzima na watu hujaa. Afisa wa haki za binadamu akija, anapokewa na wakubwa, anapiga picha na mabango, anaondoka, na mtu mwenye bahasha anasikia baadaye kwamba alipita.

Pengo hili limezibwa kwa kiasi na wasaidizi wa sheria. Hawa ni watu wa vijijini, wengine walimu wa skuli, wengine wakulima, waliofunzwa misingi ya sheria ili wamwoneshe mwenzao njia. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992 na chenye afisi Chake pia, kimewafunza wengi majimboni, na Sheria namba 13 ya 2018 ya Zanzibar imeutambua rasmi msaada wa kisheria. Msaidizi wa sheria anajua kuandika lalamiko likaeleweka. Anajua kutenganisha la Kadhi, la Mahkama ya Ardhi, la polisi na la Tume. Ningekuwa na sauti, ningetaka kila msaidizi wa sheria awe ndiye mlango wa Tume katika eneo lake, apokee lalamiko, alipeleke, na arejeshe jibu kwa mwenyewe nyumbani. Sheria haikatazi, kwa kuwa imeshamruhusu mtu kulalamika kwa niaba ya mwenzake. Kinachohitajika ni utaratibu, na nauli.

Kuhusu sheha nina tahadhari. Sheha ni kiungo muhimu na wapo masheha waadilifu sana, lakini sheha ni mtu wa serikali, na baadhi ya malalamiko ni juu yake mwenyewe, hasa kwenye barua za utambulisho za kutafutia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mlalamikaji asilazimishwe kupita kwake kwanza. Barua ya sheha si sharti la kusikilizwa na Tume, na anayekwambia vyenginevyo anakurefushia njia.

Lalamiko zuri ni karatasi moja au mbili. Jina lako na mahali unapokaa, shehia na kijiji. Nani alikufanyia jambo, kwa cheo chake. Jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa mpangilio wa siku. Umeshakwenda wapi na wamekujibu nini. Unataka nini. Weka nakala za nyaraka na ubaki na asili, na hili la mwisho usilipuuze hata ukibembelezwa namna gani.

Tulipofika Chake nilimwomba mzee tukae kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, tuifungue bahasha. Ndani mlikuwa na mambo mengi, risiti za zamani, barua ya mwaliko wa mkutano, picha ya shamba iliyofifia. Lakini hapakuwa na tarehe hata moja ya siku ile mikarafuu ilipokatwa, wala hesabu yake. Nikamuuliza kama anakumbuka. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Akasema ilikuwa baada ya mavuno ya vuli, wiki moja kabla ya mfungo wa Ramadhani, siku ya Jumanne, kwa sababu mwanawe wa Tanga aliondoka asubuhi yake. Nikaandika nyuma ya bahasha. Kisha akaanza kuitaja mikarafuu mmoja mmoja, ule wa karibu na kisima, ule uliopandwa na baba yake, ile miwili ya bondeni iliyokuwa ikizaa hata mwaka mbaya. Ilifika kumi na moja. Nikamsomea orodha yote, akatikisa kichwa, akanambia niongeze mmoja mchanga, ulikuwa haujazaa bado, lakini ulikuwapo.